Mota Niliyomchagulia Baba

Jicho la kushoto la baba lilitangulia kufa, na mimi ndiye niliyelifanyia mzaha wa kwanza. Alikuwa anamimina chai asubuhi, akamimina pembeni ya kikombe, chai ikatambaa mezani mpaka kwenye daftari langu la jiografia. Nikasema, "Baba, meza ilikunywa jana, leo zamu yetu." Mama alinitupia jicho ambalo lingemnyamazisha mtoto mwenye akili wiki nzima. Baba alicheka. Alifuta meza kwa kiganja, akapapasa kikombe kilipo, akamimina tena taratibu kama mtu anayejaza asidi kwenye betri ya gari.

Wiki ileile alituita sebuleni, mimi na mama, akatuambia alichoambiwa hospitali. Presha ya macho. La kushoto limekwisha, la kulia linafuata, na dawa za matone kazi yake ni kuchelewesha tu. Alitueleza vizuri, maana baba ni mtu wa kueleza. Alisema anavyoona ni kama anachungulia kwenye kipande cha bomba, na kila mwezi bomba linazidi kuwa jembamba. Daktari alikadiria mwaka, pengine usifike. Kazini hakuwaambia. Yeye ni fundi umeme wa bandarini, hupanda kreni, na fundi asiyeona hapandishwi hata ngazi ya kuchumia mapapai.

"Kuna kitu kimoja tu nakitaka kabla," alisema. "Ile ndege kubwa. Niirushe mwenyewe, niishushe mwenyewe, kwa mikono yangu, mara moja. Baada ya hapo bomba lizibe."

Mama aliinuka akaenda kuangalia jiko ambalo halikuwa na moto.

Ndege yenyewe ilining'inia kwenye dari ya hiyohiyo sebule yetu ya Rahaleo, Mtwara. Bawa moja lilianzia juu ya mlango, la pili likaishia kwenye kalenda ya kanisa. Ya mbao nyepesi, imevalishwa plastiki nyekundu na nyeupe, na ukiisimamisha kwa mkia inanizidi urefu. Wageni wakiingia walikuwa wanainama bila kuambiwa, kama wanaingia kwenye nyumba ya chifu. Aliyetuachia ni Mzungu mmoja wa visima vya gesi kule Msimbati, aliyepanga nyumba Shangani. Baba alikwenda kumrekebishia waya siku ya kwanza, akarudi jioni akisema amekutana na mtu mzima anayecheza na midoli. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alikuwa naye uwanjani, na Jumapili ya tatu mtu mzima wa pili naye alikuwa anacheza na midoli.

Walijifunzia kwenye kindege kidogo chenye injini ya ukubwa wa yai, inayopiga kelele utadhani mzinga wa nyuki umechokozwa. Nilikuwa nakwenda kuangalia na kucheka, lakini kusema kweli mshua alikuwa na mkono. Miaka yote ya kujaribu vijiti vya kreni ilikuwa imeingia kwenye vidole vyake. Mzungu aligeuka mwanafunzi. Mkataba wake ulipokwisha akamwachia baba ile ndege kubwa aliyokuwa hajaimaliza, na rimoti yake, na kitabu cha maelekezo. Kilichokosekana ni cha kuisukuma tu. Akasema, chagua mwenyewe. Ukitaka mota ya umeme na betri zake niandikie, kuna mwenzangu anakuja huko baada ya miezi michache, nitampa akuletee. Ukitaka injini ya petroli, hiyo itafute hapohapo, kwa sababu kwenye ndege ya abiria hawaruhusu mtu kubeba kitu kinachonuka mafuta.

Sasa hapo ndipo mchezo wangu ulipoanzia.

Injini ya petroli ilipatikana kabla hata hatujaitafuta. Baba alikuwa na rafiki mmoja mkulima wa korosho kule Nanyamba, mzee mrefu mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofuliwa mpaka imechoka, ambaye mimi nilimwita baba mkubwa ingawa hatuna undugu wowote. Yeye Mwislamu wa hukohuko, sisi watu wa kuja kutoka Iringa. Urafiki wao ulianzia kwenye mashine yake ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, ile inayobebwa mgongoni kama begi la shule. Baba aliwahi kuitengeneza ilipogoma kutoa cheche katikati ya msimu, na tangu hapo kila mavuno tulikuwa tunaletewa korosho zilizobanguliwa mpaka mama anaomba poo. Aliposikia habari za ndege akaja na mashine hiyo imefungwa nyuma ya baiskeli. Akasema ichukueni, msimu bado, mkiona inafaa ikateni mnavyotaka, mimi nitapata nyingine.

Tuliifunga kwenye fremu ya kitanda cha chuma uani, baba akaibandika panga boi la mbele alilolichonga mwenyewe, akavuta kamba. Ikawaka mara ya pili. Jamani, kelele ile. Kuku wa jirani waliruka ukuta kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Nguo zilizokuwa kwenye kamba zikapepea na kunuka salfa ya msimu uliopita, harufu ya mayai yaliyoharibika. Mama akatoka, akazianua.

Baba alifanya kitu ambacho siku ile nilikiona cha kuchekesha. Aliigeuzia injini mgongo, akafumba macho, akamwambia mzee aongeze na kupunguza mafuta anavyotaka. Yeye akawa anataja: robo. Nusu. Umefungua yote. Hapo imekohoa, umerudisha haraka mno. Hakukosea hata mara moja. Mzee akazima mashine akicheka mpaka mabega yanatikisika.

"Ndiyo hivyo hivyo shambani, fundi," alisema. "Mikorosho yangu imefungamana, kijana anayepuliza simwoni. Lakini mashine naisikia. Najua yuko mstari wa ngapi, najua akisimama, najua akikaa chini kula muhogo wangu."

Baba akafumbua macho. "Injini inaongea," alisema. "Mota inanyamaza."

Ungekuwa wewe, ungeelewa. Sikuelewa, au nilielewa nikapita pembeni. Kichwani mwangu tayari kulikuwa na ndege nyingine kabisa. Nilikuwa nimewaahidi washikaji wa kidato cha tatu kwamba mahafali ya kidato cha nne yakifika, ndege yetu itapita juu ya paa la ofisi ya walimu kimya kimya kama popo, imwage pakiti ya unga wa chaki juu ya meza kuu, na mkuu wa shule ashike kipaza sauti akiwa mweupe kama mzimu. Watu walishaanza kunipa maandazi kwa heshima ya hiyo siku. Sasa mtu hawezi kupita kimya kimya na mashine ya salfa. Ingesikika toka mtaa wa Ufukoni. Halafu na ile harufu. Nilishaitwa "Mtoto wa Mkorosho" siku mbili mfululizo kwa sababu ya shati lililokuwa kwenye kamba, na nilijua jina likikaa siku ya tatu linakwenda na mtu mpaka kaburini.

Nikaanza kampeni. Nilimwambia baba umeme hauna moshi. Hauna mafuta ya kuchanganya na oili, haumchafui mtu, unawaka ukibonyeza. Na umeme wa Mtwara ulikuwa umetulia siku hizo, tangu mitambo ya gesi iwashwe. Ile ya kukaa gizani siku tatu mfululizo ilikuwa imeanza kuwa hadithi. Nikamwuliza, fundi umeme mzima unaukimbia umeme, watakuelewaje? Bandarini nao walimtania hivyohivyo, maana mdomo wangu ulikuwa umeshawafikia.

Baba hakuwa mtu wa kushindwa na kelele. Alichukua chaki akaanza kupiga hesabu sakafuni, herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea ili azione. Uzito wa ndege, wati zinazotakiwa kwa kila kilo, volti za betri, ampea zitakazopita kwenye waya. Alipiga magoti, uso karibu uguse saruji. Hesabu ilisema umeme unaweza. Ilisema petroli nayo inaweza. Umeme utamrusha dakika nane, petroli ishirini. Akakaa kitako katikati ya namba zake.

"Tusome kitabu kinasemaje," alisema.

Lazima nieleze kuhusu baba na vitabu vya maelekezo. Watu wengine wakinunua redio wanatupa kile kikaratasi pamoja na boksi. Baba anakihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, anakisoma kama Zaburi. Ujanani alikuwa na mwenzake kazini aliyeruka ukurasa mmoja tu, akaacha vidole viwili ndani ya swichi. Tangu hapo kitabu kikisema kata umeme kwanza, atakata hata kama anabadilisha betri ya tochi. Hakuna mtu aliyewahi kumshinda baba kwa hoja, lakini kitabu kikisema, mjadala umefungwa.

Na kitabu kile kilikuwa cha Kiingereza, herufi ndogo kama chembe za mchanga. Yeye Kiingereza anakijua kuliko mimi. Macho ndiyo hayakuwa nacho tena. Akanipa mimi nisome na kumtafsiria.

Nilisoma kwa uaminifu sehemu yote ya uzito na mabawa. Nikafika kwenye ukurasa wa kuchagua nguvu ya kuendeshea. Kiliusifu umeme, ni kweli: msafi, hautikisi mbao, hauzimiki hewani. Kisha kikaja kifungu kifupi, mistari mitano. Kilisema anayejifunza, na mtu yeyote asiyeona vizuri kwa mbali, atasaidiwa na sauti ya injini. Sauti itamwambia ndege inapanda au inashuka, inakuja au inakwenda, kabla jicho halijamwambia. Mtu wa namna hiyo asikimbilie umeme.

Niliisoma kimoyomoyo mistari hiyo mitano. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande wangu, anasubiri. Nikakohoa kidogo, nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari:

"Kwa ndege yenye mabawa marefu kiasi hiki, nguvu inayoshauriwa ni umeme peke yake."

"Kimesema peke yake?"

"Peke yake, baba. Wameikoleza kwa wino."

Akasema haya, kama kimesema. Akapapasa sakafu, akaanza kufuta chaki kwa kiganja.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye kafe ya intaneti karibu na soko, nikamwandikia Mzungu kwamba baba amechagua umeme. Niliandika kwa furaha. Sitasema uongo hapa: nilijiona mjanja wa mkoa. Mzee wa Nanyamba alikuja kuchukua mashine yake, akanywa chai, akasema heri, kitabu ni kitabu, hata sisi tuna chetu. Akaifunga kwenye baiskeli akaondoka nayo, na sikuona kama kuna kitu kimeondoka.

Mzigo ulifika miezi miwili baadaye. Mota ilikuwa kama kopo la maziwa, betri mbili za bluu laini kama vipande vya sabuni, za aina moja na ya simu lakini zenye hasira. Baba aliambiwa kwenye karatasi kwamba zikitobolewa zinawaka moto, akazilaza ndani ya sufuria kuukuu lenye mchanga, akazichaji hapo kama anaatamisha mayai. Kuunganisha waya alitumia vidole zaidi ya jicho. Aliyeyusha risasi ya kuungia waya kwa kusikiliza inavyochirizika. Rangi ndiyo ilikuwa kazi yangu. Aliniuliza, huu mwekundu? Siku moja nikamjibu, hapana, huo wa kijani, na wala hakukuwa na waya wa kijani. Akashusha kile chuma cha moto mezani, akangoja. Nikasema natania, ni mwekundu. Akaendelea.

Bomba lilikuwa linaziba upesi kuliko daktari alivyosema. Alianza kugeuza kichwa chote kutazama kitu kilicho mbele yake. Mama alihamisha viti vyote vikakaa ukutani, na alianza kuimba akiwa anatembea ndani ya nyumba, mama ambaye sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa. Nilidhani amefurahi. Alikuwa anamjulisha baba alipo.

Tulikwenda Msimbati Jumapili moja mwanzoni mwa Juni, maji yakiwa yamekupwa. Pale mchanga wa ufukweni hushikana mpaka magari hupita juu yake, kwa hiyo uwanja wa ndege tulikuwa nao bure. Mwenzake baba wa bandarini alituazima pikapu na dereva. Mzee wa Nanyamba alikuwa ametusubiri njiani na kanzu yake safi, akasema kitu ambacho nusura kiwe na injini yake hawezi kukosa kukiona. Mama alibaki. Alisema ana nguo za kufua, Jumapili.

Watoto wa kijijini walijaa kabla hatujamaliza kufunga mabawa. Nikawa mtangazaji wao. Nikawaambia ndege hii inakwenda Ulaya, nauli ni samaki mmoja, wakubwa wawili. Walicheka, na baba naye alicheka, akiwa amepiga magoti anapapasa kila skrubu moja moja, tena kwa mpangilio wa kitabu, akiutaja kwa midomo.

Kisha akasimama, akavaa rimoti shingoni. Alinyoosha mgongo. Nilimwona anavuta hewa kama mtu anayeingia kanisani akiwa amechelewa.

Ikakimbia mchangani hatua chache tu, ikaondoka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile na sitaki kudanganya kuwa nimewahi. Ilinyanyuka kama kitambaa kinachovutwa na mtu aliye juu. Mlio wake ulikuwa kama wa feni ya chumba cha pili, na ilipofika usawa wa minazi hata huo ukamezwa na upepo na mawimbi. Watoto waliokuwa wameziba masikio wakaanza kuyazibua mmoja mmoja. Mmoja akauliza mbona haina sauti. Nikamwambia ndiyo ubora wake.

Mzunguko wa kwanza baba aliupiga karibu, akiifuata kwa kichwa chote, mdomo wazi kidogo. Alikuwa anatabasamu. Wa pili akaupanua, kwenda upande wa kusini ambako mikoko ya mdomo wa Ruvuma inaanzia. Ndege ikapinda, ikapita mahali fulani ambapo sisi wote tulikuwa tunaiona, na kichwa cha baba hakikupinda nayo. Kilibaki kinatazama pale ilipokuwa. Akakiinamisha upande, sikio juu, akitega kama alivyotega uani siku ya ile injini.

"Iko wapi?" aliuliza, kwa sauti ya chini, ya kuuliza saa.

Watoto walikuwa wananitazama. Nilikuwa na hadhira.

"Imevuka Msumbiji, baba. Imegongewa pasipoti."

Walicheka sana. Kicheko kile kilichukua muda gani? Sekunde mbili. Tatu. Ndege iendayo kasi ile, sekunde tatu ni kijiji kizima.

"Mwanangu. Iko wapi?"

Nikageuka nikamwona uso, na mzaha wote ukanitoka. Nikamwambia iko kulia, inashuka, ipeleke kushoto. Akaipeleka kushoto. Sikujua, kwa sababu sikuwahi kujifunza, nilikuwa nakwenda kucheka tu, kwamba ndege ikikuelekea wewe kushoto kwake si kushoto kwako. Ikajikunja kule kubaya. Nikapiga kelele hapana, huku, huku, kama vile neno huku lina maana kwa mtu asiyeona mkono wako. Pua ikaelekea chini. Ikaingia kwenye mikoko mbali, na kutoka tulipokuwa haikusikika hata kuvunjika kwake. Majani yalitikisika, ndege wa kweli wakaruka juu, basi.

Baba aliendelea kuirusha. Dole gumba moja linasukuma polepole, jingine linarudisha, anaiweka sawa, anaitafutia upepo. Hakuna mtu aliyemwambia. Sikuweza kufungua mdomo, mimi ambaye kila mtu ananiomba niufunge.

Mzee wa Nanyamba alisogea akamshika bega. "Imetua, fundi," alisema.

"Imetua?" Vidole vikasimama. "Nimeishusha?"

"Umeishusha."

Uso wa baba ulivyokuwa wakati ule, ningeweza kuuacha vile. Mzee alinitazama juu ya bega lake, macho yananiambia niuache. Alikuwa ananipa uongo mzuri kuliko wote niliowahi kuusikia, tayari umepikwa, nilitakiwa niitikie tu. Na mimi ni bingwa.

"Hapana, baba," nilisema. "Imeanguka. Kwenye mikoko. Nilikwambia vibaya."

Akavua rimoti shingoni. Akakaa mchangani, akaiweka mapajani. Nikakaa mbele yake ili aweze kunipata kwenye bomba lake, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, nikamaliza. Nikamwambia kitabu hakikusema peke yake. Nikamwambia ni mimi. Sikumtajia maandazi wala chaki. Aibu nyingine hazina haja ya kusemwa, zinajulikana kwa harufu.

Mzee alikuwa ameinama anatoa mchanga kwenye kandambili yake ambayo haikuwa na mchanga.

"Kilisema nini?" baba aliuliza.

Nilikuwa naijua kwa moyo, mistari yote mitano. Nikamsomea hewani. Alinirudisha kwenye ile ya sauti, nikairudia. Ndege inapanda au inashuka. Inakuja au inakwenda. Akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira, kama fundi anayeonyeshwa kazi nzuri ya fundi mwenzake.

"Aliyeandika alikuwa na akili," alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Kaka, ile mashine yako bado ipo?"

"Ipo, fundi. Lakini msimu umeanza. Juzi tu ameingia nayo shambani kijana. Mwezi wa tisa ikitoka mgongoni kwake, ni yako."

"Mwezi wa tisa," baba alisema.

Mimi na mzee tuliingia kwenye mikoko, tope mpaka magotini, yeye kanzu ameikunja kiunoni. Tulikuta bawa moja likiwa zima. Kiwiliwili kilikuwa kimepasuka kati ya mizizi na betri ilikuwa inafuka moshi mweupe unaokaba, tukaiacha imalize hasira zake humohumo. Njiani mzee aliniambia neno moja tu. Alisema, "Ungemwachia ile ya kwangu, bwana mdogo." Mpaka leo sijui alimaanisha injini yake au uongo wake.

Kwenye pikapu baba alilishika lile bawa mapajani njia nzima, akilipapasa kutoka shinani mpaka nchani. Tulipofika Rahaleo mama alikuwa uani, kamba ya nguo tupu. Alilitazama bawa, akamshika mkono baba, akamwambia maji ya kuoga yapo tayari.

Mwezi wa tisa mzee alikuja kweli na mashine kwenye baiskeli, ameiosha kwa sabuni mpaka salfa haisikiki. Baba alimpokea mlangoni kwa kumfuata sauti. Bomba lilikuwa limeziba katikati ya Agosti, siku ya kazi, akiwa kwenye ngazi ya kreni. Alishuka mwenyewe, hatua kwa hatua, akaenda ofisini akawaambia. Mashine waliiwasha uani hata hivyo. Walikaa wawili kwenye benchi wakaisikiliza mpaka petroli ikaisha.

Sasa niko kidato cha nne. Mahafali yetu yamekaribia na mkuu wa shule hana cha kuogopa, hata maandazi nilishayarudisha, mengine kwa deni. Kila nikitoka shule namsomea baba. Gazeti, barua za bandarini kuhusu kiinua mgongo chake, karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, tangazo la sabuni. Nasoma neno kwa neno, mpaka nukta. Lakini mdomo ni uleule, haujafa, na kuna siku gazetini nakutana na habari ya ajabu kweli, mbuzi aliyeingia benki au kitu kama hicho, nikaisoma kama ilivyo. Mama hucheka jikoni. Baba hacheki. Ananigeuzia lile sikio lake, ananiuliza kwa upole, bila ubaya wowote:

"Hiyo imeandikwa, au umetunga?"

Nakichukua kidole chake nakiweka juu ya karatasi, pale pale kwenye mstari, ingawa sote wawili tunajua hakimwambii kitu.